Nyusi Zangu Zimetunga Usaha, na Mdogo Wangu Anataka Kuchora Midomo

*Shangazi,*

*Mimi ni mama wa mtoto mmoja, naishi mtaa wa Biryogo na nauza vitenge sokoni Kimironko. Nyusi zangu ni chache tangu zamani, na siku hizi ncha za nje zimepukutika kabisa. Harusi ya mdogo wangu ilipokaribia nikaona nichore tatuu ya nyusi, nisihangaike tena na penseli kila alfajiri. Dada mmoja anayefanya kazi hiyo nyumbani kwake, Nyamirambo, alinipa bei nafuu. Alinipaka dawa ya ganzi, akafunika kwa plastiki, kisha akachora. Kisu alikitoa kwenye mkoba akakifuta kwa spiriti.*

*Leo ni siku ya 9. Nyusi ya kulia inabanduka magamba na rangi imebaki viraka. Ya kushoto imevimba mpaka kwenye kope, ina moto, inapwita, na tangu jana inatoa usaha. Aliyenichora anasema nisihofu, nipake ndimu na chumvi, na Jumamosi ataitoa rangi yote aanze upya. Mama amenuna, anasema nimejitakia. Na mdogo wangu ameshalipa kianzio achorwe midomo kwa dada huyohuyo, wiki mbili kabla ya harusi. Yeye uso wake anaupaka mukorogo, krimu ya kujichubua, na alipotoboa sikio kovu lilivimba likawa kama kunde. Nifanye nini?*

*Mama Vitenge, Biryogo*

Pole sana, mwanangu. Ujumbe wangu wa simu wa kukutaka uende kituo cha afya siku ileile najua umekufikia. Hapa naandika kwa kirefu, kwa ajili yako, kwa ajili ya mdogo wako, na kwa wengi walioniandikia mambo yanayofanana na haya.

Tatuu ya nyusi ni jeraha kwanza, urembo baadaye. Jeraha lina muda wake wa kupona, na muda huo haupunguzwi na tarehe ya harusi. Karibu kila tatizo ulilolitaja limetokana na kuharakisha jambo hili, na tiba unayopewa sasa ni haraka nyingine. Nyusi zako mbili zina habari mbili tofauti, basi tuzitenganishe.

Nyusi ya kushoto imeingia vijidudu. Joto, kupwita, uvimbe unaoshuka kwenye kope na usaha katika siku ya 9 si dalili za kupona. Wekundu na uvimbe mdogo wa kawaida hutulia ndani ya siku mbili tatu. Unaozidi badala ya kupungua unataka daktari. Anzia kituo cha afya cha karibu na kadi yako ya bima ya afya ya Mutuelle, na kama jambo ni kubwa watakupa rufaa ya hospitali. Mweleze muuguzi ukweli wote: siku uliyochorwa, kisu kilivyosafishwa, ulichopaka baadaye. Usijinunulie antibiotiki dukani kwa kubahatisha, na usipake krimu yenye steroidi, maana hufifisha wekundu huku vijidudu vikiendelea chini kwa chini. Ukipata homa, jicho likifunga, ukiona ukungu au ukiumia unapolizungusha jicho, nenda hospitali hata kama ni usiku wa manane.

Nyusi ya kulia inafanya inavyopaswa. Rangi iliwekwa chini kidogo ya tabaka la juu la ngozi. Tabaka hilo hujirudisha upya: magamba hutoka kati ya siku ya 5 na ya 10, yakibeba rangi iliyobaki juu. Ngozi changa inayofuata huwa na ukungu, hata rangi ikaonekana imekimbia. Ukungu huo huondoka taratibu, na sura halisi ya nyusi huonekana baada ya wiki 4 hadi 6. Hukumu yoyote kabla ya hapo ni ya mapema. Ioshe polepole kwa maji safi na sabuni isiyo kali, ikaushe kwa kugusagusa na kitambaa safi, na kama imekauka sana paka mafuta membamba yasiyo na manukato. Usibandue gamba hata likining'inia, kwa sababu hung'oka na rangi na huacha kovu. Jua la sokoni, mvuke, kuogelea na vipodozi juu ya nyusi, viache mpaka ngozi ifunge. Mtandio ukiuvaa, usisugue paji la uso.

Ndimu na chumvi uvikatae kwa sauti. Ndimu huunguza ngozi iliyo wazi, na ikipigwa jua huweza kuacha weusi wa miezi mingi. Kusugua chumvi kwenye jeraha la siku tisa ni kulichimba upya, na kwenye ngozi yetu nyeusi uchimbaji wa namna hiyo huleta baka jeusi au kovu la kuvimba. Jumamosi usiende. Kama baada ya wiki 6 hadi 8 rangi haikupendezi, fundi mwingine mwenye ujuzi anaweza kusawazisha. Ukitaka kuitoa, anza kwa daktari wa ngozi. Hata leza ina hila zake: rangi nyingi za nyusi na midomo zina oksidi ya chuma au titani, na leza inaweza kuzigeuza ghafla kuwa nyeusi au kijivu. Ndiyo sababu daktari makini hujaribu kwanza sehemu ndogo.

Sasa kuhusu kile kisu cha mkobani. Spiriti hupangusa, haiui kila kitu. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, kwenye damu iliyokauka ambayo hata jicho halioni. Wazee wetu walichanjwa chale za indasago kwa wembe mmoja uliopita watu wengi, na tumefundishwa kwa miaka kwamba kila mtu na wembe wake. Sheria hiyo haibadiliki kwa sababu kisu kimekuwa cha kisasa na chumba kina kioo. Dawa za kuzuia VVU baada ya kugusana na damu huanzwa ndani ya saa 72, na muda huo umepita. Hatari yenyewe ni ndogo, lakini pima. Pima VVU na homa ya ini B na C sasa ili kujua ulipoanzia, rudia VVU baada ya miezi 3, na kwa homa ya ini fuata tarehe utakayopewa, kwani C huweza kuchukua mpaka miezi 6 kuonekana. Uliza pia kama ulishachanjwa B. Usiogope majibu: Rwanda ilianza mwaka 2018 mpango wa kutokomeza homa ya ini C, na vidonge vya siku hizi huponya watu zaidi ya 95 katika kila 100.

Kuna jambo moja hukulitilia maanani. Ncha za nje za nyusi zinapopukutika zenyewe, pengine tezi ya shingoni haifanyi kazi vizuri, au kuna ugonjwa wa ngozi. Ukiwa kwa daktari, mwulize. Rangi inaweza kuficha nafasi, lakini haitibu kilichoiacha nafasi hiyo.

Tuje kwa mdogo wako, ambaye bado hajaguswa. Kwa hali yake, mimi ningesema hapana kwa sasa, na sababu ninazo tatu.

Ya kwanza ni mukorogo. Krimu hizo mara nyingi zina haidrokwinoni, zebaki au steroidi, ndiyo maana tangu mwishoni mwa 2018 maofisa wamekuwa wakiziondoa madukani na masokoni humu nchini. Steroidi huikondesha ngozi. Ngozi iliyokondeshwa huvuja damu haraka, hushika rangi ovyo na huchelewa kupona. Aache kwanza, na kwa kuwa kuacha ghafla kunaweza kuwasha uso mzima, aache akiongozwa na daktari.

Ya pili ni lile kovu la sikioni. Hiyo ni dalili ya keloidi, na anayeotwa na keloidi hapaswi kuchanjwa mdomoni pasipo ushauri wa daktari wa ngozi.

Ya tatu ni tarehe. Midomo huvimba, hukauka, hubanduka, na rangi yake hutulia baada ya wiki kadhaa. Midomo yenye weusi wa asili huhitaji mara nyingi zaidi ya kikao kimoja. Mwenye kuchora kwa ajili ya harusi aanze miezi 3 kabla, apate nafasi ya kikao cha pili. Tena, kama yeye ni mtu wa kutokwa na vipele vya homa mdomoni, sindano huviamsha, na anapaswa kupewa dawa ya asiklovia kabla ya kuchorwa. Mjamzito na anayenyonyesha wangoje. Mwenye kisukari, anayetumia dawa za kuyeyusha damu, au aliyetumia vidonge vya isotretinoini vya chunusi katika miezi 6 iliyopita, amwone daktari kwanza.

Siku akiwa tayari, aingie saluni na maswali, asiyaone haya. Sindano au kisu kipya, kilichofungwa, kifunguliwe mbele ya macho yake. Rangi imiminwe kwenye kikombe kidogo kinachotupwa baadaye, na chupa iwe na jina, orodha ya viambato na tarehe ya mwisho. Hilo si dogo: Marekani, kati ya 2003 na 2004, mamlaka ya chakula na dawa ilipokea malalamiko zaidi ya 150 juu ya rangi za kampuni moja tu, na Umoja wa Ulaya tangu Januari 2022 umewekea mipaka kemikali zaidi ya 4,000 katika wino wa tatuu. Ajaribiwe rangi kidogo nyuma ya sikio siku kadhaa kabla, ingawa mzio waweza kuja hata miaka baadaye. Umbo lichorwe kwa penseli akiwa ameketi wima, aliridhie kwenye kioo. Picha anazoonyeshwa ziwe za kazi iliyokwishapona, kwenye ngozi kama yake. Na dawa ya ganzi: ile kali iliyopakwa nene na kufunikwa kwa plastiki, kama uliyopakwa wewe, huweza kuingia kwenye damu na kuvuruga mapigo ya moyo au kuleta degedege. Marekani ilitoa onyo juu ya krimu za namna hiyo Machi 2024.

Wote wawili mjue pia kwamba neno "kudumu" linadanganya pande zote mbili. Rangi hufifia ndani ya mwaka mmoja hadi mitatu na huweza kuishia rangi ya chungwa au ya buluu, lakini mara nyingi haiondoki kabisa. Shirika la Afya Duniani hushauri mwenye tatuu mpya angoje miezi 6 kabla ya kuchangia damu. Na ukipelekwa kupigwa picha ya MRI, mwambie mpigaji picha, maana chembe za chuma huweza kupata moto kidogo.

Mama yako mwache anune siku mbili. Ameona uso wa mwanawe umevimba. Kutaka nyusi si dhambi wala upuuzi kwa mtu anayekaa mbele ya wateja kutwa. Kosa si la tamaa yako. Anayeshika kisu ndiye mwenye wajibu wa kukisafisha.

Kianzio cha mdogo wako kikipotea, na kipotee. Siku ya harusi apakwe rangi ya mdomo inayooshwa jioni, nawe ujaze nyusi kwa penseli kama ngozi itakuwa imefunga. Fundi aliyekuchora mpelekee ujumbe wa heshima kumweleza kilichotokea, ili anayekuja kesho asikutane na kisu kilekile. Kisha uende ukapime.

Shangazi yako