Maporomoko ya Maji ya Rungwe, na Namna ya Kuyatambua

Watu wa Rungwe huzaliwa na kukua katika sauti ya maji, na kwa hiyo wengi wao huyapita maporomoko kila siku pasipo kuyatazama. Mahali pengi katika nchi hii mvua ya mwaka mmoja hupita inchi 80. Kilele cha mlima Rungwe kimefika futi 9,700 juu ya bahari, ilhali uso wa ziwa Nyasa, ambako mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo humwaga maji yake, ni futi 1,550 hivi tu. Maji yanayoshuka kiasi hicho katika safari fupi namna hiyo hayana budi kuruka.

Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, na hasa walimu, jinsi ya kuzitambua namna za maporomoko wanapokwenda kwa miguu kuyaona. Si kwa kufurahisha macho tu. Umbo la maji yaangukayo hutuonyesha jinsi mwamba ulivyo chini yake, na mwamba ndio unaotuambia mahali pa kusimama salama na mahali pa kufa. Mwalimu aongozaye watoto thelathini imempasa kulijua jambo hili kabla hajaondoka shuleni.

Rungwe, Ngozi na Kyejo ni milima ya moto. Kyejo ilitoa mawe yaliyoyeyuka, yaitwayo lava, hata yapata mwaka 1800, ambao si zamani sana kwa hesabu ya milima. Kwa hiyo ardhi ya huku imepangwa tabaka juu ya tabaka: lava ngumu iliyopoa, kisha majivu na mawe mepesi ya kuvunjika, kisha lava tena. Mto ukipita juu ya tabaka ngumu huikwangua polepole mno. Lakini ukipata tabaka laini iliyo chini yake, huila upesi. Basi mwamba mgumu hubaki umetokeza juu kama paa la nyumba lililopita ukuta, na chini yake huwa shimo.

Hapo ndipo inapopatikana namna ya kwanza, yaani maji yanayoruka wazi pasipo kugusa mwamba. Mfano wake mzuri ni Kaporogwe, upande wa kusini wa Tukuyu, ambapo maji huanguka kadiri ya futi 130, na nyuma yake mna pango. Alama yake ni hii: ukisimama kando huona nafasi baina ya maji na ukuta wa jiwe. Kalambo nayo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, huanguka kwa mruko mmoja wa zaidi ya futi 700.

Namna hii hupendwa na wageni kuliko zote, nayo ndiyo tunayoihofia zaidi. Mtu asimamaye juu ukingoni hudhani kwamba yuko juu ya mlima mzima, kumbe yuko juu ya kipande cha jiwe kisicho na kitu chini yake. Kipande hicho siku moja huvunjika. Ndivyo maporomoko yanavyorudi nyuma: yale ya Niagara, baina ya Marekani na Kanada, yamerudi nyuma kadiri ya maili saba katika miaka kama 12,000, jiwe likivunjika baada ya jiwe. Mawe makubwa yaliyolala chini ya maporomoko ya namna hii hayakuletwa na mto kutoka mbali. Mengi yalikuwa ukingo zamani. Mwenye kuyaona mengi, yenye pembe kali zisizolainishwa na maji, na ajue kwamba hayakuanguka zamani sana, wala asiwapange watoto juu ukingoni, wala asiwakalishe chini yake kula chakula.

Namna ya pili ni maji yanayoshuka yakigusa mwamba safari yote. Wataalamu wa Ulaya waliyafananisha na mkia wa farasi. Huku kwenye ng'ombe wengi na farasi hapana, tungesema mkia wa ng'ombe. Yakizidi kutanuka huwa kama kipepeo cha kupepea moto. Mwamba wake huwa mgumu tangu juu hata chini, hauna shimo nyuma. Hatari yake kubwa ni utelezi.

Mto mpana ukianguka wote pamoja, hufanya pazia. Pazia kubwa kupita yote ni lile la Victoria katika mto Zambezi, lenye upana wa zaidi ya maili moja. Kinyume chake ni mto mkubwa uliobanwa: katika Uganda, kwenye maporomoko ya Murchison, Nile hupita katika nafasi ya futi 23 hivi. Maporomoko ya ngazi hayahitaji maneno mengi, kila mtu huyatambua. Mwalimu na awaulize watoto kwa nini ngazi zipo, nao wakikumbuka zile tabaka watajibu wenyewe.

Lakini Kijungu, katika mto Kiwira, kwastahili kutazamwa kwa makini. Jina lenyewe limekwisha kutuambia. Maji huingia katika shimo la mwamba la mviringo kama chungu, na humo huzunguka. Mashimo ya namna hii huchimbwa na mawe yazungushwayo na maji, yakisaga mwamba kama jiwe la kusagia nafaka. Katika mto huo huo liko Daraja la Mungu, ambapo mwamba umebaki juu na mto hupita chini yake. Aonaye maji yametulia kidogo kando ya chungu asidhani kwamba pana kina kifupi. Aliyetumbukia humo huvutwa chini, wala kujua kuogelea hakumfai kitu.

Walimu wakiwachorea watoto maporomoko, waandike na mwezi. Mkia mwembamba wa Oktoba waweza kuwa pazia katika Aprili, na ngazi tatu zikafunikwa zikawa moja.

Na katika miezi ya mvua mmoja awekwe kutazama mto upande wa juu. Maji yakianza kugeuka rangi, au majani na vijiti vikizidi kuelea, watu wote watoke mtoni upesi, hata kama jua lawaka na mbingu ni nyeupe juu ya vichwa vyao. Mvua iliyonyesha mlimani huchukua muda kushuka, na mara nyingi mafuriko hufika kwenye maporomoko wakati wingu lenyewe halionekani tena.