Kubadilishana Mali kwa Mali

Ndugu zetu Waislamu, mwaka 2013 wachuuzi wa mtaa wa Bangladesh, upande wa Changamwe, walianza kutumia Bangla-Pesa, hati za kubadilishana bidhaa na kazi pale shilingi ziadimikapo. Baadhi ya wahusika walikamatwa, kisha mashtaka yakaondolewa mwaka huo huo.

Je, Sheria yasemaje juu ya mabadilishano? Asili yake ni halali. Lakini na tujihadhari. Bilali alipomletea Mtume (S.A.W.) tende nzuri, aliyoipata pishi moja kwa pishi mbili za tende hafifu, Mtume alimkataza na kuiita riba, akamwelekeza auze zile hafifu, na kwa thamani yake anunue nzuri. Katika madhehebu yetu ya Shafii, hukumu hiyo yaenea vyakula vyote. Basi atoaye vibaba viwili vya mchele hafifu kwa kibaba kimoja cha mchele mzuri ameingia ribani, wala kuridhiana hakuihalalishi. Mchele kwa mahindi, kuzidiana kwaruhusiwa, bali mpeane papo hapo. Ama fundi ashonaye kanzu kwa ujira wa samaki, kazi na ujira vibainishwe kabla ya sindano kushikwa.

Ukosefu wa pesa usiwe mlango wa kumdhulumu jirani. Wallahu aalam.