SOMO LA KIKUNDI: LUNDO LA MBOJI NA KAZI ZA JUMAMOSI



Tukiulizana Jumamosi jioni, "Leo umefanya nini?", wengi wetu tutajibu kwamba hatukukaa chini hata kidogo. Na ni kweli. Mama ameamka alfajiri, amefua nguo za wiki nzima, ameteka maji, ametafuta kuni, kisha akaenda sokoni. Watoto hawana shule, lakini wana ng'ombe wa kuchunga na kazi ya mwalimu ya kumaliza. Lakini bustani ya mboga iko vile vile ilivyokuwa juma lililopita. Mvua ya masika ikikaribia, tunaanza kutafuta pesa za mbolea ya dukani. Mnakumbuka mwaka wa 2022? Mfuko wa kilo 50 ulipita shilingi 6,000 kabla serikali haijaanza kuuza ule wa bei nafuu. Kuna waliopanda mahindi bila kitu chochote ndani ya shimo, na mavuno yao tuliyaona.

Kwa hivyo leo tunajifunza kazi moja tu ya Jumamosi: kutengeneza lundo la mboji.

Tuhesabu siku kwanza. Lundo likijengwa Jumamosi ya pili ya Januari, tutaligeuza baada ya wiki tatu, tena baada ya wiki tatu nyingine, na kufikia katikati au mwisho wa Machi mboji iko tayari. Ukingoja mpaka Machi ndipo uanze, umechelewa kwa masika. Hiyo itakuwa ya vuli.

Chagua mahali penye kivuli, karibu na bustani. Pima upana wa hatua moja na nusu, urefu upendavyo. Chimba kidogo tu, kina cha futi moja, na udongo wa juu uweke kando. Chini kabisa tandaza mabua ya mahindi au matawi membamba ili hewa ipite. Juu yake weka majani makavu, unene wa kiganja, unyunyize maji. Halafu majani mabichi, unene huo huo. Halafu mbolea ya boma, nusu ya hapo. Nyunyiza jivu kidogo na udongo ule wa juu kidogo, kisha urudie tena tangu majani makavu, mpaka lundo lifike kifuani. Funika kwa udongo na majani ya ndizi.

Sasa chukua fimbo ndefu yenye ncha, uichome kwa mshazari mpaka katikati. Hiyo ndiyo daktari wa lundo. Baada ya siku tatu ichomoe uishike. Ikiwa na joto, kazi inaendelea. Ikiwa baridi na kavu, au ina ukungu mweupe, ongeza maji. Ikiwa baridi na inanuka vibaya, maji yamezidi na hewa imekosekana. Geuza lundo na uchanganye majani makavu.

Usitie nyasi zinazotambaa kwa mizizi, mimea yenye ugonjwa, karatasi za plastiki, wala majani mengi ya mkaratusi. Mifupa italeta mbwa.

Kwa majani mabichi, wengi tunapita karibu na dawa kila siku bila kuiona. Ni lile ua la njano chungu linaloota kando ya barabara na kwenye ua wa boma. Wajaluo huliita maua makech. Watafiti waliofanya kazi Maseno miaka ya 1990 waliyapima majani yake. Katika kilo 100 za majani makavu walipata karibu kilo 3 na nusu za naitrojeni na kilo 4 za potasiamu. Lakini fosforasi haikufika hata nusu kilo. Basi usimcheke jirani ambaye bado ananunua mbolea kidogo ya kupandia pale udongo wake umekosa fosforasi. Mboji na mfuko mdogo vinaweza kukaa shamba moja.

Tumebakisha maji, na hapa tuseme wazi. Januari ni kiangazi. Lundo moja linakunywa madebe mengi, na kama yote yatabebwa na mama kwa mgongo baada ya kufua, sisi hatuoni haki, na lundo lenyewe litaachwa likauke. Maji ya kuoshea mboga na ya kusuuza nguo yanafaa. Yawekeni kwa karai. Lakini pia baba na vijana wabebe. Kuchimba na kugeuza ni kazi nzito ya watu wanne kwa asubuhi moja. Peke yako utachukua siku mbili. Wazee wetu walikuwa na ngwatio, mwethya na saga. Kikundi chenye boma kumi kikijigawa mara mbili, kila Jumamosi boma mbili zinapata lundo, na kwa Jumamosi tano kila mtu amefikiwa. (Ndugu zetu Waadventista wapewe Jumapili.) Lakini kuanza Januari mwanzo, walio mwisho watachelewa, kwa hivyo anzeni Desemba.

Maswali ya kujadiliana:

1. Jumamosi iliyopita, ni nani nyumbani kwako aliyeteka maji, na mara ngapi?

2. Boma gani zina mbolea ya ng'ombe, na gani hazina? Zisizo nayo zitaleta nini badala yake?

3. Tuanze kwa nani? Mwandishi aandike majina kumi kwa utaratibu, na tarehe kando ya kila jina, kabla mkutano haujafungwa.