Mwenye Talenta Moja

1. Fedha iliyofukiwa

Watoto, mnaikumbuka hadithi aliyoisimulia Bwana wetu Yesu Kristo juu ya tajiri mmoja aliyesafiri mbali. Kabla ya kuondoka aliwaita watumishi wake watatu, akawakabidhi mali yake. Wa kwanza alipewa talenta tano, wa pili mbili, na wa tatu moja. Wawili wa kwanza walifanya biashara, na mali ikaongezeka mara mbili. Wa tatu aliogopa. Alichimba shimo, akaifukia talenta yake, akakaa bure. Tajiri aliporudi aliwasifu wale wawili kwa maneno yale yale, mwenye tano sawa na mwenye mbili. Lakini yule wa tatu alimkaripia sana. Mwinjili Mateo ametuandikia habari hiyo katika sura ya 25.

Watu wengi hufikiri kwamba talenta moja ilikuwa kitu kidogo. Sivyo! Talenta ilikuwa kipimo cha uzito wa fedha. Talenta moja ilikuwa sawa na dinari 6,000, na kibarua wa siku zile alipata dinari moja kwa kazi ya siku nzima. Hesabuni wenyewe. Mtu akifanya kazi siku 300 kila mwaka, atafanya kazi miaka 20 mpaka aipate talenta moja. Basi yule mtumishi hakuwa maskini. Alizika shimoni mshahara wa miaka 20!

Kwa sababu ya hadithi hiyo, Wafaransa na Waingereza huita kipaji cha mtu kwa jina hilo hilo, talenta. Kipaji ni uwezo ambao Mungu ameutia ndani ya mtu: kuimba, kuhesabu, kutengeneza vitu, kutuliza wagonjwa, na mengine mengi.

Katika kila darasa yupo mtoto anayesema moyoni mwake, "Mimi si wa kwanza kwa hesabu. Siimbi vizuri. Sikimbii upesi. Mimi sina kitu." Somo hili ni la mtoto huyo kwanza.

2. Jumanne aliyekaa karibu na simu

Watoto wa nchi zote hupenda vitabu vya safari na hatari. Katika vitabu hivyo mara nyingi watoto wachache hushinda adui mkubwa, kwa maana kila mmoja ana kipaji chake. Kimoja cha vitabu hivyo kilitungwa na Mjerumani, jina lake Erich Kästner, kikapigwa chapa mwaka 1929. Kinaitwa Emil na wapelelezi. Mpelelezi ni mtu anayetafuta habari za mwizi kwa siri.

Emil ni mtoto wa mjane anayefanya kazi ya kutengeneza nywele za wanawake. Mama yake anamtuma Berlin kwa garimoshi ampelekee bibi yake fedha. Emil anazifunga zile noti kwa pini ndani ya mfuko wa koti lake, zisipotee. Njiani anashikwa na usingizi. Anapoamka, fedha hazipo, na bwana mwenye kofia ngumu aliyeketi naye hayupo. Emil anamwona akishuka stesheni, naye anashuka, anamfuata nyuma nyuma.

Mtoto mmoja, peke yake, katika mji mkubwa asioujua, atafanya nini? Anakutana na Gustav, mtoto wa mtaani mwenye honi ya gari mfukoni. Gustav ana kipaji cha kupendwa na wenzake. Anakwenda akipiga honi yake, na watoto wa mitaa wanakusanyika. Mwingine huvaa miwani, nao humwita Professor. Yeye ana kipaji cha kupanga kazi. Pony, binamu yake Emil, ni hodari wa baiskeli. Anachukua habari kwa bibi ili asihangaike.

Katika kundi lile yumo mtoto mdogo anayeitwa Dienstag. Kwa Kijerumani neno hilo maana yake ni Jumanne. Jina lake ni kama la kina Jumanne tunaowajua sisi huku ziwani! Nyumbani kwao kuna simu. Siku zile simu haikutiwa mfukoni. Ilifungwa kwa waya ndani ya nyumba. Professor anamwambia Dienstag akae karibu na simu. Kila mtoto akiona jambo atampigia yeye, naye ataliandika na kuwaambia wengine watakaouliza.

Dienstag hakupenda. Wenzake watamfuata mwizi usiku, watajificha, watamzunguka. Yeye atakaa kitini! Alitaka sana kwenda. Lakini alijua kwamba akiiacha simu, wale walio mbali hawatajua wenzao wako wapi, na kundi lote litatawanyika. Akakaa.

Asubuhi ya pili watoto karibu mia wanamzunguka mwizi barabarani. Anakimbilia benki, anataka kuzibadili zile noti. Emil anaingia nyuma yake na kusema kwamba fedha ni zake. Mwizi anakana. Lakini Emil anawaambia wakubwa wazitazame noti vizuri: zina matundu ya pini. Matundu yanaonekana, na mwizi anakamatwa.

Mwishoni watoto wote wanasherehekea. Bibi yake Emil anasimama na kuwauliza ni nani anayestahili sifa kuliko wengine. Kisha anamtaja Dienstag, yule aliyekaa karibu na simu, kwa kuwa alitaka kwenda, wala hakwenda, akatimiza wajibu wake.

Fikirini jambo jingine. Yule mwizi naye alikuwa na kipaji: vidole vyepesi na maneno matamu. Alikitumia kwa kujifaidi mwenyewe, akawa mtu wa kuwindwa. Kipaji peke yake hakimfanyi mtu kuwa mwema. Hutegemea kinamtumikia nani.

3. Mchunga ng'ombe na simba

Mtasema, "Hayo ni ya kitabuni tu." Haya basi, sikilizeni habari ya kweli ya mtoto wa Kenya.

Richard Turere ni Mmasai. Kwao ni Kitengela, kando ya mbuga ya wanyama ya Nairobi. Upande wa kusini mbuga ile haina ua, kwa hiyo pundamilia hutoka, na simba huwafuata. Simba akipita karibu na zizi, huona kwamba ng'ombe ni nyama rahisi kuliko pundamilia. Kwa desturi ya Wamasai, mtoto mwanamume wa miaka sita hadi tisa hukabidhiwa ng'ombe wa baba yake. Richard naye alikabidhiwa. Asubuhi moja alikuta fahali wao, tena wa pekee, ameuawa na simba.

Richard akaanza kufikiri. Kwanza aliwasha moto, maana alisikia kwamba simba huogopa moto. Haikufaa, mwanga uliwasaidia simba kuona ndani ya zizi. Pili alisimamisha sanamu ya mtu. Usiku wa kwanza simba walikuja, wakaiona, wakarudi. Usiku wa pili walitambua kwamba ile haisogei kamwe, wakaingia na kuua. Usiku mwingine Richard alizunguka zizi akiwa na tochi mkononi. Simba hawakuja. Hapo alipata siri: simba huogopa mwanga unaotembea, kwa maana mwanga unaotembea ni mtu aliye macho.

Lakini mtoto hawezi kuzunguka zizi kila usiku na asubuhi kwenda shule. Richard tangu zamani alipenda kufungua mashine. Siku moja aliifungua redio mpya ya mama yake na kuitawanya vipande vipande, na mama alikasirika mno. Lakini kwa njia hiyo alijifunza jinsi umeme unavyokwenda. Akatafuta betri kuukuu ya gari, kile kidude cha pikipiki kinachowasha na kuzima taa za kukatia kona, swichi, na balbu za tochi zilizovunjika. Paneli ya sola ilitia nguvu za jua katika betri. Balbu alizifunga kuzunguka zizi, zikitazama nje. Usiku taa ziliwaka na kuzima, hii, na hii, na hii. Simba walidhani kwamba mtu anatembea, kumbe mtu amelala kitandani. Richard alikuwa na miaka 11.

Tangu hapo simba hawakuua tena katika zizi la baba yake. Bibi jirani aliyepoteza wanyama wengi akamwomba naye awekewe taa. Richard akamwekea, kisha akawawekea na wengine. Shule moja kubwa ya Nairobi, Brookhouse, ikampa nafasi ya kusoma bila kulipa. Mwaka 2013 alialikwa California, Marekani, akaeleza kazi yake mbele ya mkutano mkubwa.

Angalieni: Richard hakuingoja siku atakapokuwa mtu mkubwa. Kazi aliyokabidhiwa, yaani kulinda ng'ombe, ndiyo iliyofunua talenta yake. Alishindwa mara mbili, wala hakuifukia.

4. Mtoto aliyeuliza swali

Sasa turudi kwetu. Mtu akitoka Uvira hupita katika uwanda wa Ruzizi, kisha hupanda milima mpaka Lemera. Hapo Lemera pana hospitali. Mwaka 1983 alifika daktari kijana, jina lake Denis Mukwege, aliyezaliwa Bukavu mwaka 1955.

Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa la Kipentekoste. Alikwenda kuwaombea wagonjwa, na mara nyingine Denis alifuatana naye. Siku moja, Denis akiwa na miaka minane hivi, walikwenda kwa mtoto aliyeugua sana. Baba alisali. Njiani Denis alimwuliza kwa nini hakumpa mgonjwa dawa, hali yeye Denis akiugua nyumbani hupewa dawa. Baba alijibu kwamba yeye si mganga. Kazi yake ni kuombea. Denis akasema kwamba yeye atakuwa mtu wa kutoa dawa, na baba ataendelea kusali.

Kipaji cha mtoto huyo kilikuwa nini? Si mbio, si nguvu. Aliona uchungu wa mwingine, akakataa kuuzoea. Basi akasoma udaktari Burundi. Alikusudia kuwatibu watoto. Lakini alipofika Lemera aliwaona akina mama wakiletwa kutoka milimani kwa safari ndefu, wengine wakiwa karibu kufa kwa sababu ya uzazi. Akaona kwamba haja kubwa ni hiyo. Akaenda Angers, Ufaransa, kujifunza kazi ya kuwatibu akina mama, na mwaka 1989 akarudi Lemera.

Mwezi wa Oktoba 1996 vita viliifikia hospitali ile. Wagonjwa na wauguzi wao waliuawa. Daktari mwenyewe hakuwapo siku hiyo. Angeweza kusema, "Basi, yamekwisha." Lakini mwaka 1999 alianzisha hospitali nyingine, ya Panzi, mjini Bukavu. Huko ametibu maelfu ya wanawake walioumizwa vibaya na watu wa vita. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad wa Iraq. Njia ile ndefu ilianza na swali la mtoto kwa baba yake, na ilipitia Lemera.

5. Utaijuaje talenta yako?

Usiitafute kwa kujilinganisha na mwenzako. Jiulize mambo matatu.

La kwanza: ni kazi gani uliyokabidhiwa? Labda unalea mdogo wako, unachota maji, unamsaidia mama kuuza mihogo sokoni, unachunga mbuzi. Hapo ndipo pa kuanzia, kama Richard zizini.

La pili: ni uchungu gani wa watu unaokusumbua kuliko wengine? Labda wewe ndiwe unayemwona mtoto mgeni anayekaa peke yake. Mwingine hawamwoni. Kuona huko ni talenta.

La tatu: je, uko tayari kukaa mahali pako hata kama hakuna anayekuona? Dienstag alikuwa na talenta ya uaminifu, na kwa hiyo vipaji vya wengine vyote viliweza kufanya kazi.

Mungu hatamwuliza mtoto wa Lemera kwa nini hakupewa talenta tano. Atamwuliza ile moja iko wapi.

Maneno

Kukabidhi: kumpa mtu kitu akitunze kwa niaba yako.
Kukana: kusema kwamba hukufanya jambo.
Fahali: ng'ombe dume.
Uwanda: nchi pana iliyo sawa, isiyo na milima.
Wajibu: kazi ambayo imempasa mtu kuifanya.

Maswali

1. Talenta moja ilikuwa sawa na mshahara wa miaka mingapi?
2. Kwa nini Dienstag hakupenda kazi yake? Ingekuwaje kama angeiacha simu?
3. Emil alionyeshaje kwamba fedha ni zake?
4. Taja mambo mawili ambayo Richard aliyajaribu yakashindwa. Kila moja lilimfundisha nini?
5. Kwa nini Denis Mukwege alibadili kusudi lake la kuwatibu watoto?
6. Yule mwizi alikuwa na kipaji. Kosa lake ni nini?

Kazi

Andika jina la mwenzako mmoja wa darasani. Chini yake andika jambo moja jema analoliweza, ambalo huenda yeye mwenyewe halijui. Mpe karatasi hiyo. Kisha, pamoja na wenzako watatu, tungeni hadithi fupi ya hatari katika milima yetu. Kila mmoja awemo kwa kipaji chake cha kweli, na pasiwe na mtoto hata mmoja asiye na kazi.