SOMO LA ROBO HII: Hulka ya Mtu na Kujifunza Ukubwani



Mtu anapoacha darasa la watu wazima, taarifa zetu huandika sababu zilezile: shamba, ugonjwa, msiba, mvua iliyokata njia. Ni za kweli, na huku Uluguru njia hukatika kwelikweli. Lakini ipo nyingine ambayo fomu zetu hazina nafasi yake, nayo ni hulka ya mtu mwenyewe.

Wataalamu wa saikolojia hutazama hulka katika mambo matano: kupenda mambo mapya, bidii na utaratibu, uchangamfu, upole kwa wengine, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Tafiti kadhaa za Ulaya zimeona kuwa apendaye mambo mapya hujiunga na mafunzo ya ukubwani kwa wepesi kuliko wenzake.

Sisi tumekuwa tukiwachagua watu hao bila kujua. Katika usharika mmoja wa mlimani tuliomba majina ya watu wa kujifunza kuchimba makingamaji. Kamati ikaleta wasemaji, walewale wa semina ya nyuki na ya mikopo. Mama mmoja wa makamo alikaa nyuma siku zote, nasi tukamwandika miongoni mwa "wasioshiriki". Miezi baadaye tulipotembelea mashamba, makingamaji yaliyofuata mteremko sawasawa yalikuwa ya kwake. Tukamwuliza mbona hakusema neno darasani.

"Nilikuwa nasikiliza, wanangu. Mlitaka niitwe ubaoni nikosee mbele ya mkwe wangu?"

Hatukuwa na jibu.

Tena wazee wa milima hii wana sababu ya kusita. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi, hata mwaka 1955 zikazuka ghasia Matombo na mpango ukafa. Anayesita si lazima awe mvivu. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikwenda vingine: watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Mwenye maneno alisema; asiyependa kusema alishika jembe.

Kwa hiyo kamati tunawaomba mpite nyumba kwa nyumba kabla ya kuandika majina, msingojee wanaonyosha mkono. Wawezeshaji, mtu asiitwe ubaoni asipotaka, na wakwe wasiwekwe kikundi kimoja. Nanyi wafadhili, mvumilie endapo madarasa yatajaa polepole, kwani mtu wa kusita hushawishiwa zaidi ya mara moja. Fomu mpya itauliza pia mwanafunzi amefanya nini nyumbani au shambani kwake, na jibu hilo tutalifuata kwa miguu, kiangazi na masika.