Somo la Kumi na Nne: Unasoma Riwaya Gani Siku Hizi?

Ndugu msomaji, ukikutana na jirani yako njiani mnaulizana habari za nyumbani, za watoto na za shamba. Je, umewahi kumwuliza, "Unasoma kitabu gani siku hizi?" Swali hilo si la walimu peke yao. Sasa ni lako pia, maana unajua kusoma.

Riwaya ni hadithi ndefu iliyoandikwa katika kitabu. Huenda ukiona unene wake utaogopa. Usiogope. Riwaya haisomwi kwa siku moja. Soma kurasa mbili au tatu jioni kabla giza halijaingia. Weka alama, kesho uendelee.

Kwa nini tuelezane tunachosoma? Vijijini vitabu ni vichache. Usipojua jirani yako ana kitabu gani, kitabu kitakaa sandukuni mwake mpaka kiliwe na mchwa. Lakini iko sababu kubwa zaidi. Kusoma husahaulika. Mtu akikaa miaka miwili mitatu bila kushika kitabu, herufi humkimbia. Wapo watu waliofaulu mtihani wa kisomo, wakapata vyeti, na leo wanawaomba watoto wawasomee barua. Kwenye karatasi za mkopo wameanza tena kuweka dole gumba, bila kujua kilichoandikwa hapo juu. Hadithi tamu humrudisha mtu kwenye kitabu bila kulazimishwa. Kitabu cha kilimo bora cha pamba ni chema sana, lakini sijaona mtu aliyekosa usingizi kwa ajili yake.

Sasa tutazame namna ya kumweleza mwenzako. Soma mazungumzo haya kwa sauti, watu wawili wawili.

— Hodi, shemeji. Habari za tangu juzi?
— Nzuri, shemeji. Karibu.
— Starehe. Naona umeinamia kitabu.
— Ndiyo. Kinaitwa Kuli. Mwandishi wake ni Adam Shafi.
— Kinaeleza habari gani?
— Habari za makuli wa bandari ya Unguja, wakati wa ukoloni. Yupo kijana anaitwa Rashidi. Baba yake alikuwa kuli, naye akaingia kazi ile ile. Wanabeba mizigo mizito kwa mshahara mdogo. Sasa wameanza kuulizana, mpaka lini?
— Ehe, halafu ikawaje?
— Hapo sikwambii! Nikimaliza nitakuletea ujisomee.

Umeona alivyofanya? Alitaja jina la kitabu na la mwandishi. Akasema hadithi iko wapi, ni ya nani, na taabu yake ni nini. Kisha akanyamaza. Ukimweleza mtu hadithi yote mpaka mwisho, umemnyang'anya hamu ya kuisoma. Kitabu cha Kuli kilitolewa mwaka 1979. Makuli wa Unguja waligoma kweli mwaka 1948, na mwandishi aliitumia habari hiyo. Yaliyompata Rashidi utayakuta mwenyewe.

Jambo la pili ni kumjua unayempa. Mkulima mwenzako mpe Utubora Mkulima, kitabu cha Shaaban Robert kilichotolewa mwaka 1968, miaka sita baada ya mwandishi kufariki. Utubora anaacha kazi ya mshahara na kwenda kulima. Mweleze lakini kwamba maneno mengine ni magumu, na kwamba mwandishi hana haraka. Anayependa mambo ya kutafuta mwuaji atafurahi na Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, cha mwaka 1960. Humo yupo Bwana Msa na kiko chake, akipeleleza kifo cha mtu.

Rosa Mistika hakifai kutolewa kwa kila mtu bila neno. Kiliandikwa na Euphrase Kezilahabi, kikatolewa mwaka 1971. Rosa ni binti wa Ukerewe. Baba yake, Zakaria, ni mlevi tena mkali, anamchunga bintiye kwa fimbo. Binti anapokwenda shule, mbali na macho ya baba, mambo yanageuka. Kitabu hiki kilizua ubishi mkubwa. Kwa muda kilikatazwa shuleni, kwa sababu kinasema waziwazi mambo ya wanaume na wasichana. Mimi naona mzazi mwenye binti akisome, hasa baba anayeamini kwamba fimbo inatosha. Lakini mwambie mapema kwamba kinahuzunisha. Akikukasirikia baadaye, jadilianeni. Hata ubishi juu ya kitabu ni kusoma.

Na kama kitabu hakikukupendeza, sema hivyo. Useme pia kwa nini. Pengine hadithi ilikuwa ndefu mno, au watu wake hawakufanana na watu unaowajua. Neno "kizuri" tupu halimsaidii mtu kuchagua.

Nyumbani huenda yuko asiyejua kusoma, kama vile bibi au babu. Msomee kwa sauti mnapopukuchua mahindi. Atakuuliza maswali ambayo wewe hukuyafikiria.

Kazi ya darasa

1. Kila mwanafunzi aeleze kwa dakika tano kitabu anachosoma. Asitoboe mwisho wake. Asiye na kitabu asikilize, kisha aseme angependa kuazima kipi.

2. Tengenezeni daftari moja la darasa. Lichoreni mistari minne ya kwenda chini, kisha andikeni: jina la kitabu, jina la mwandishi, kiko kwa nani sasa, na nani anakingojea. Mchagueni mtu mmoja wa kulitunza daftari hilo. Awe anapita nyumba kwa nyumba kila baada ya wiki mbili, kumkumbusha anayechelewa kurudisha.