Mdogo wangu na gongo: tumfungie ndani?

*Mshauri, mdogo wangu anakunywa gongo tangu asubuhi. Asipoipata, mikono inamtetemeka hadi kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili. Ameuza ndizi za mama zikiwa bado shambani. Wajomba wanataka tumfungie chumbani wiki nzima akome. Mimi nasema anaumwa, wao wanasema anajitakia. – Dada, Tukuyu*

Dada, nakuombeni sana, msimfungie. Mikono inayotulia mtu akishapata pombe ni dalili kwamba ubongo wake umeshaizoea. Pombe hupunguza kasi ya ubongo, nao hujiongezea kasi ili kufidia. Ikikatwa ghafla, kasi ile hubaki bila kizuizi, na mtu anaweza kupata degedege, kuweweseka, hata kufa, hasa siku tatu nne za mwanzo. Mpelekeni hospitali ya Makandana, mwelezeni daktari anakunywa nini, kiasi gani, na mara ya mwisho lini. Zipo dawa za kumvusha salama, pamoja na vitamini B1 ambayo wanywaji wa kila siku mara nyingi huwa wamepungukiwa.

Wajomba watasema hakuna aliyemshika mdomo. Kweli, mwanzo alijitakia, lakini mwenye kisukari hatumnyimi dawa kwa sababu ya alivyokula zamani. Watasema pia wapo walioacha wenyewe. Wapo, tena wengi: mtafiti Lee Robins alipowafuatilia wanajeshi wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam mwaka 1971, wengi waliokuwa waraibu wa heroini kule hawakurudi kwenye uraibu walipofika kwao. Hilo halinionyeshi kwamba uraibu si ugonjwa. Linanionyesha kwamba mahali anapoishi mtu ni sehemu ya tiba yake, na kwamba mkimrudisha kushinda jirani na kilabu, bila kazi, na marafiki walewale, dawa ya hospitali peke yake haitamfikisha mbali.

Ndiyo maana wiki moja, hata ya hospitalini, haitoshi. Huduma ya methadoni iliyoanza Muhimbili mwaka 2011, na sasa ipo hata Mbeya mjini, ni ya waraibu wa heroini, haimfai mdogo wako. Ila imejengwa juu ya ukweli huohuo, kwamba wiki haitoshi: mtu hunywa dozi yake kila siku, pengine kwa miaka. Mdogo wako naye akiteleza baada ya miezi miwili, mrudisheni kwa daktari siku hiyohiyo, bila matusi. Lakini deni la ndizi libaki palepale, alilipe kidogokidogo akishapata nguvu, kwa kuwa ugonjwa haukumwondolea mama hasara. Kwa sasa mama auze ndizi zake mwenyewe, na pesa azishike yeye.